Mtungi Haurudi Mtupu

Huruma, Eldoret
Jumapili, tumetoka kanisani

Kaka yangu mpendwa Mbuthia,

Pokea salamu nyingi kuliko magunia ya mahindi yanayopita hapa mjini wakati wa mavuno. Hujambo lakini? Hilo joto la Doha linakuonaje? Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mungu, ila baridi ya Julai imetushika vibaya mpaka Mama anafungua duka asubuhi akiwa amevaa koti lako la shule. Nimemwambia anunue lingine, akasema hilo halijaisha. Mguu wake uliokuwa ukimsumbua umepoa, na bado anagombana na watu wa Kapsoya wanaokuja kukopa sukari huku wamevaa viatu vipya. Kwa hivyo ujue ni mzima.

Usishangae kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimejaribu kukuambia haya kwa simu nikashindwa. Kila nikitaja ile gemu uliyoitengeneza, wewe unaniuliza bei ya unga. Nikikuandikia kwa WhatsApp naona umesoma, halafu kimya, halafu kesho yake unanitumia picha ya ngamia. Mbuthia, mimi na ngamia tuna mambo gani? Sasa Lorraine, yule binti wa jirani yetu aliyepata kazi ya hoteli huko, ndiye anakuletea bahasha hii mkononi. Nimemwambia asiondoke hapo mpaka aone umeifungua. Ndani kuna ile flashi yako nyekundu. Usiiguse kwanza. Soma mpaka mwisho kama mtu aliyelelewa.

Nianze na kibanda. Kile kibanda cha gemu nilichofungua hapa Huruma na Khisa, rafiki yako wa chuo, baada ya wewe kusafiri, bado kipo na kinajaa. Tumeongeza televisheni, na Khisa ametengeneza viti kwa mbao za kreti za soda. Wateja wetu ni watu wazima wengi kuliko unavyodhani. Kuna Kevin, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye anakuja na ovaroli yake yenye matundu ya cheche na kuketi hapo kama chifu. Ukimshinda mpira anasema stima ilicheza.

Huyo Kevin ndiye alianza mambo. Siku moja alilalamika kwamba ile gemu ya mpira inatolewa upya kila mwaka na hakuna kilichobadilika ila jezi, lakini gemu nzuri, zile ambazo mtu anazicheza akisahau chakula, zinatoka mara moja tu na hakuna anayezifuata. Akasema gemu kama hiyo ni kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja, na hakuna mtoto wa kuonea huruma kama huyo, maana hana hata mdogo wa kutuma dukani. Watu walicheka sana. Lakini wakaanza kutajana. Kila mtu alikuwa na yake moyoni. Basi tukaanzisha siku yake, Jumatano, na tukaiita Siku ya Watoto wa Pekee. Unaleta gemu iliyosahaulika, unaiweka kwenye skrini, unatetea kwa nini ilistahili sehemu ya pili, na kibanda kinaamua. Kelele ya siku hiyo, hata mchungaji wa ng'ambo ya barabara amelalamika.

Zamu yangu ilipofika nilileta yako.

Usikasirike. Uliponipa ile flashi kwenye uwanja wa ndege pale Kapseret uliniambia nifute kila kitu nijazie nyimbo. Sikufuta. Nilikuwa nakumbuka ulivyomwomba Mama msamaha siku ile, mbele ya watu na masanduku yao, eti umempotezea miaka kwa kuchezea kompyuta. Mama alikukazia tu mfuniko wa ule mkebe wa njugu karanga aliokufungashia. Nataka ujue kwamba ile pole yako ilimuuma kuliko kuondoka kwako. Hakuwa ameona kosa lolote, na mtu akiombwa msamaha wa kosa asilolijua anabaki akilitafuta.

Kwa hivyo niliweka *Maziwa ya Asubuhi* kwenye skrini kubwa. Pikipiki ile nyekundu ikatoka kwenye boma la Kapseret na mtungi wa maziwa umefungwa nyuma kwa mpira, ukungu umejaa barabarani, ndege inashuka juu ya kichwa chako, ng'ombe wanavuka wakati wanapotaka. Kibanda kizima kilisogea karibu na skrini. Kisha mtu akatambua ule mti uliopinda kule Kapseret, mwingine akatambua duka la Mama, na Huruma yote ikaanza kupiga mayowe kana kwamba wameonyeshwa kwenye habari. Kevin alishika pedi ya kuchezea kwanza. Alikimbiza pikipiki kama kichaa, akapita kwenye matuta bila kufunga breki, na alipofika Kapsoya akafungua mtungi akakuta siagi. Alicheka mpaka akatoka nje. Akasema hii gemu imetengenezwa na mtu anayejua maziwa.

Na hapo ndipo nilipoelewa kilichokupata, kaka. Unakumbuka wale watu wa mtandaoni walioandika kwamba gemu yako ina hitilafu, kwamba maziwa yanapotea bila sababu? Yule jamaa wa Nairobi aliyesema uirekebishe kwanza ndipo uiuze? Hawakujua! Mtu aliyezaliwa na maziwa ya pakiti atajuaje kwamba ukiyatikisa sana yanageuka siagi? Wewe hukuandika popote, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayeelezwa hilo. Ulidhani dunia nzima imekulia huku kwetu Uasin Gishu. Hilo ndilo kosa lako lote, na mimi nalipenda kuliko sifa za watu wengine.

Sasa sikia ya Mama. Jumatano moja alikuja kutuletea chai kwenye chupa, akakuta Kevin anafika mwisho wa gemu. Unajua inavyoisha. Unabisha mlango, yule mama anatoka, anachukua maziwa, anakurudishia mtungi, anafunga mlango, skrini inaandika Mwisho. Mama alisimama na chupa mkononi akauliza huyo mwanamke ni wa wapi. Tukamwambia Mama, ni wa gemu tu. Akasema hata kama ni wa gemu, amelelewa na nani? Mtu ametoka Kapseret na baridi yote hiyo, amekuletea maziwa mazima, halafu unamrudishia mtungi mtupu na kumfungia mlango? Hata ndizi moja? Hata kiganja cha maharagwe? Alikasirika kweli, Mbuthia. Akasema kwake mtungi haujawahi kurudi mtupu, wala kiondo, wala sahani, na kama kijana wake ndiye aliyemchora huyo mwanamke basi hajamaliza kazi, amekatiza katikati.

Kibanda kilimpigia makofi. Kevin akasimama na kutangaza kwamba shauri limekatwa, sehemu ya pili ni safari ya kurudi. Mimi nilikuwa mlangoni nikipokea pesa za wateja, kama kawaida yangu. Lakini ile sentensi ya Mama haikunitoka.

Kaka, hiyo sehemu ya pili ipo. Imeisha. Imechezwa Huruma, imechezwa Kapsoya dukani kwa Mama, kompyuta ikiwa juu ya debe la mafuta, na Kevin ameifikisha mwisho akatoa kofia. Inaanza pale pale yako ilipoishia. Mlango unafungwa, skrini inakuwa nyeusi, unadhani ni yale yale. Halafu mlango unafunguka tena na yule mama anakuita urudi. Anakujazia mtungi uji uliochacha, ule wa nyumbani, na anakutuma Kapseret jua likiwa utosini na mawingu ya mvua yakija upande wa pili. Na ule uji nao una tabia zake. Ukiutikisa unafura, unasukuma kifuniko, unamwagikia mgongoni. Njiani watu wanakusimamisha, huyu anakupa kuku umpelekee shangazi yake, huyu anakupa habari ya mgonjwa, na huwezi kukataa kwa sababu wanakujua kwa jina. Unafika umebeba kijiji.

Najua unawaza ni Khisa. Kila mtu alidhani ni Khisa. Hata Mama alimpelekea Khisa kuku mzima kumshukuru, na Khisa, kwa uungwana wake wa Kibukusu, alimla kwanza ndipo akasema si yeye.

Ni mimi, Mbuthia.

Ni mimi Nyokabi, yule uliyekuwa ukimwambia asiguse hiyo kompyuta ana mikono ya mafuta. Flashi yako haikuwa na gemu peke yake, ilikuwa na kazi yako yote, kila mstari ulioandika na yale matusi madogo uliyojiandikia pembeni ukikosea. Nilijifunza kwa hayo. Nilikuwa nakuja kibandani asubuhi kabla ya wateja, nasoma ulivyofanya, naharibu, narudia. Mara ya kwanza pikipiki yangu ilipaa angani ikapotelea juu ya uwanja wa ndege. Mara nyingine ng'ombe wote walianza kutembea kinyumenyume na sikujua nimegusa nini. Nililia siku hiyo, sikufichi. Khisa alinionyesha mambo machache, kisha akaniambia nimempita, niache kumsumbua. Nimejivunia mpaka naona haya kanisani. Lakini leo sioni haya. Nimeifanya, na ni nzuri.

Khisa alisisitiza tuandike maelezo mwanzoni, ili watu wa Nairobi wasiseme tena kuna hitilafu. Nikafikiri, nikaona kuna njia ya kwetu. Nilimpelekea Mama simu nikamwomba aseme vile angemwambia mpanda boda boda halisi. Akafunga duka, akajifuta mikono, akavaa kitambaa cha kanisani, eti asirekodiwe hivi hivi. Kwa hivyo yule mama wa mlangoni, ambaye kwako alikuwa bubu, sasa anaongea, na sauti ni ya Mama. Anasema nimekupa uji, sitaki kusikia umefikisha povu. Ukiendesha vibaya anaguna kule nyuma. Wewe unalijua hilo guno. Watoto wa Huruma wakilisikia wanapunguza mwendo wenyewe.

Na sasa nikuambie ninachotaka, maana si pesa wala simu. Mwezi wa Agosti kuna maonyesho ya vijana kwenye ukumbi hapa mjini na wamekubali *Maziwa ya Asubuhi* ionyeshwe, ya kwanza na ya pili, moja baada ya nyingine. Wanaohusika wameniuliza niandike jina gani mbele. Nimeandika Mbuthia na Nyokabi, lako kwanza. Lakini ulisema hutaki jina lako liguse kitu hicho tena, na wewe ndiye mwenye gemu. Ukikataa, sitaitoa. Itabaki Huruma kwenye skrini yetu na nitawaambia watu wa ukumbi kwamba mwenyewe hajaridhia. Sitaiba kazi ya kaka yangu hata kama ameitupa. Ila ujue kitu kimoja. Hapa Kapsoya Mama ameitwa Mama Mbuthia tangu ulipozaliwa, na siku hizi wakimwita hivyo wanaongeza, yule wa gemu. Yeye anajifanya hasikii, lakini nimemwona akisimama wima.

Sikuambii uache kazi ya ghala urudi. Mtu anakula anapopata. Nakuambia tu kwamba hukupoteza miaka yoyote. Nilikuwa hapo, nikikuangalia begani kwako na mikono yangu ya mafuta, na nimetoka na ufundi.

Haya, sasa unaweza kuishika flashi. Cheza mpaka mlango ufunguke tena, na usiweke sauti chini.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na ufunge vifungo vya shati. Khisa anakusalimu na anaomba umtetee kuhusu kuku. Kevin hajawahi kukuona lakini anakuita fundi, na kwake hilo si neno la kutupatupa. Mungu akulinde kazini na akufunike usingizini mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba wa Mama Mbuthia, na fundi wa sehemu ya pili,

Nyokabi

Nimesahau. Lorraine ana likizo kabla ya Krismasi, na Mama ameshamwagiza arudi na hiyo flashi. Nilipouliza ya nini, aliniangalia kana kwamba sikulelewa nyumba moja na yeye. Akasema mwambie Mbuthia tumemtumia ikiwa imejaa. Yeye anajua chombo cha watu kinarudishwaje.