Msilivunje tangi la Bruda

Makambako, kwa Haji
Jumanne

Mdogo wangu Benedikto,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Mama mdogo kifua kimepoa? Mimi mzima isipokuwa mguu, umevimba hata kiatu kinakataa, ndiyo maana naandika badala ya kupanda gari nije kuwafokea mwenyewe.

Barua yako imefika. Unasema Jumatatu kamati ya maji wanalivunja tangi la Bruda pale kanisani, wajenge jipya la saruji na nondo, kwa kuwa siku hizi za ruksa, biashara ikiwa huru, saruji imejaa madukani. Benedikto, tangi lile nililijenga mimi. Bruda, mtawa wa watu, alishika timazi tu, mikono ilikuwa yangu. Fundi kama mimi kutoka hapo Mawengi mpaka Njombe mjini hayupo, na kama yupo nilimfundisha mimi.

Sasa wasomee hivi. Tangi lile halina nondo hata moja. Nondo ikipata maji inashika kutu, kutu inavimba, inalipasua zege kutoka ndani. Paa la zege nililommwagia Haji, huyu tajiri wa malori anayenipa chumba, halijamaliza miaka saba na linadondosha vipande, nondo zinachungulia kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Saruji ilikuwa nzuri. Fundi nilikuwa mimi. Na bado.

Bruda alisema kwao Roma kuna kuta za namna yetu ambazo mababu zao walizijenga baharini, mawimbi yanazipiga mpaka leo. Chokaa tuliitia kwenye majivu ikiwa ya moto, inachemka humo humo, vikabaki vidonge vyeupe. Nikasema huu uchafu, niuchekeche. Akanipiga kofi la kisogo. “Acha! Hiyo ndiyo dawa yake. Ukuta ukipasuka, maji yanayeyusha kidonge, chokaa inaziba ufa.” Nenda kaguse ufa wa upande wa kengele, ule wa mwaka wa tetemeko. Si tulikimbia na ndoo? Masika yaliyofuata ukajifunga wenyewe. Mstari ule mweupe si rangi.

Najua watakachokujibu, dereva wa Haji ameshawasimulia. Ni kweli, nilimjengea Haji tangi la namna hiyo uani, na nilijigamba soko zima kwamba najenga Kiroma. Chokaa nilichoma mwenyewe, vidonge nikaviacha, majivu nikakusanya kwa mama lishe wote wa stendi, karai kwa karai. Tukalijaza. Asubuhi uani matope matupu. Haji akaja na birika lake, akachungulia. “Fundi Mroma, tangi lako limekunywa maji yote, hata ya kutawadha halikunibakishia!” Walicheka mpaka utingo juu ya malori. Nikasema kosa ni la chokaa ya siku hizi.

Nilidanganya. Kosa ni majivu. Ya Bruda hayakuwa ya jikoni, yaliletwa kwa magunia, yanakwaruza vidole kama mchanga. Alisema ni ya mlima uliotapika moto zamani. Mlima gani, sikuuliza. Nilikuwa kijana, najua kila kitu. Sasa Bruda amelala hapo hapo kanisani, na mimi siwezi kujenga jingine. Mkilivunja hilo, basi.

Nimembembeleza dereva aiwahishe barua hii. Anasema mzigo wa Njombe haujajaa, akiondoka Jumamosi nishukuru. Gari si langu.

Nisalimie shemeji, mwambie maharage yake nilikula peke yangu. Msalimie na katekista. Tulipojenga, yeye ndiye aliyetubebea maji, asimame aseme.

Ikiwa nyundo zimeshapita, usinifiche. Chukua kipande chenye kidonge cheupe, hata cha kadiri ya ngumi, kifunge gazeti, mpe dereva. Na uwaulize wazee kama yupo aliyesikia Bruda akiutaja ule mlima.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Fundi Longino