Treni za Baba, Stesheni ya Mwakiti

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimechemka! Burhanuddin wa duka la vinyago, Ndia Kuu hapa mjini, anachapisha kijitabu cha stesheni ndogo zilizofungwa. Amenipa kurasa za Mwakiti nizipitie. Chumba kimoja porini, tangi la maji, treni mbili kwa siku — sawa. Kisha: mwaka 2009 stesheni masta aliondoka bila ruhusa, kituo kikafa. Stesheni masta huyo ni babangu! Miaka ishirini na sita Mwakiti, hadi treni ya mwisho, 2014. Ati aliondoka. Shenzi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemsomea Baba. Hakukasirika — aliyepiga meza ni mimi. Akasema yaishe, ni karatasi tu. Yaishe? Mzee anavuliwa nguo hadharani, nami ninyamaze? Nimetoa daftari lake la treni chini ya kitanda. Kila treni imo: saa ya kufika, saa ya kuondoka, sahihi. Baba ameniambia nilirudishe. Nimelifunga kwenye leso.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelibwaga daftari juu ya kaunta ya Burhanuddin. "Karibu, mamangu, kaa kwanza," asema Burhanuddin. Sikukaa. Akapekua taratibu, akasimama Mei 2010. Mwezi huo, asema, mvua ilizoa reli. Mzigo wake ulikwama bara siku tisa, hakuna treni iliyopita. Humu daftarini treni zimo zote, tena kwa saa yake. Akauliza kwa upole ni treni gani hiyo isiyochelewa hata dakika. Nikamwita mwongo mbele ya wateja.

Nimefika Makadara, njiani kurudi nyumbani, ndipo tarehe ikanigonga. Mei 2010! Mwezi huo Mama yuko wodini hapa Mombasa, kila jioni anauliza kama Baba amefika. Baba anapiga simu: treni haziachiki. Mama akafa. Baba akaja kuzika. Na miaka yote hii ninamtetea mbele ya mashangazi!

Ijumaa, 8 Machi

Simsemeshi. Chai ajipikie.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemuuliza. Asema kila Jumapili waliandika mapema treni za wiki nzima. Mkaguzi alitaka kurasa zilizojaa; stesheni masta wote wa njia ile walifanya hivyo. Na ukishaandika, nikauliza, ulikuwa unaenda wapi? Nikauliza tena, majirani wakasikia.

"Kibarani."

Kibarani! Hapo hapo! Kutoka huko mtu anafika hospitali kwa miguu. Kwa nani? Tangu 2009? Anatazama sakafu. Ningekuwa na nguvu ningempiga, Mungu anisamehe.

Burhanuddin amepiga simu. Mashine ya kuchapia inangoja, anataka kumaliza kabla ya Ramadhani. Aandike mwaka gani, 2009 au 2014? Baba amenishika mkono. "Awiti, mama, tafadhali." Nimemwambia Burhanuddin asikate, natafuta kalamu, nikailaza simu mezani. Kalamu ninayo, ndiyo hii ninayoandikia. Mkono wangu wa pili Baba hajauachia.