Samaki Wangu na Maombi ya Zadock

Kinya, uko kwa shift? Wacha kazi kidogo usome hii.

Nimepoteza muskie. Yule samaki mrefu wa huku mwenye meno kama ya mbwa. Nilikuwa nimemshika kabisa.

Si unajua Zadock, shemasi wetu, alinunua boti. Leo tumeenda nayo ziwani, yeye anaendesha polepole, mimi nimekaa nyuma na fimbo ya kuvulia, chambo kinatufuata majini. Mara fimbo ikapinda karibu initoke mikononi.

Samaki akaruka juu. Alikuwa mrefu kama Stacy wangu, na Stacy yuko darasa la tatu.

Sasa mtu wa kawaida hapo anazima injini. Zadock akavua kofia akasema, "Dada, kwanza tumshukuru Mungu."

Tumshukuru. Na samaki bado yuko majini.

Na mimi mjinga nikafumba macho.

Akaombea samaki, akaombea boti, akafika kwa wagonjwa wa fellowship na wale wanaongoja makaratasi ya kukaa huku. Injini inanguruma, boti inaenda mbele, samaki anavuta kurudi nyuma, na sisi wote tumefumba macho.

Nikasikia pa. Mshipi umekatika.

Kinya, alimalizia maombi. Na mimi nikasema amina.

Saa hii Susan, bibi yake, amepiga simu kutoka nyumbani kwao Brooklyn Park kwamba ugali iko mezani, samaki wako wapi. Nimemwambia apashe kuku wa jana.

Zadock anasema ataombea hao kuku. Nimemwambia aombe tu, lakini mimi nitakuwa nimeshika paja langu la kuku, macho wazi.