Kitabu Kilichofunguka Chenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Maktaba wameleta vitabu thelathini na kimoja nivishone migongo. Kavileta mpwa wangu mwenyewe kwa toroli, ndiye mkutubi pale. Kazi yangu ni makochi, ila uzi ni uzi. Mkono huu ungeweza kushona hata ukuta uliopasuka.

Niliishia darasa la sita, lakini riwaya za upelelezi nimezisoma mpaka wapelelezi wenyewe wananiogopa. Jalada likikosa bastola, silifungui. Mpwa akasema, mjomba, safari hii usome kimoja kisicho na maiti. Nikamjibu kitabu bila maiti ni mchuzi bila chumvi. Akasema chumvi unayo wewe ya kutosha.

Akanichokoza hivyo mpaka nikaahidi kwenda Jumamosi kwenye kikundi chao cha wasomaji, nizungumzie kitabu cha aina nyingine. Mdomo huu!

Jumanne, 4 Machi

Fundi hakiulizi kitabu kinahusu nini. Anakisimamisha mezani kwa mgongo, anakiachia. Kitafunguka pale watu walipokaa sana. Riwaya za upelelezi hufunguka mwishoni — wenye pupa wanamtafuta muuaji. Cha mapishi kilifunguka kwenye keki.

Kimoja cha kijivu, chembamba, hakina hata picha. Daktari fulani kaandika juu ya kumbukumbu. Kilifunguka ukurasa wa 112. Nikakifunga, nikakiachia. 112 tena. Mara tatu! Karatasi pale imelainika kama kitambaa kwa vidole vya watu.

Walikuwa wanatafuta nini humo? Hilo sasa ni swali la kipelelezi. Nimekitenga.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa arobaini kwa mkao mmoja. Mle mna maneno marefu kama treni, nikayakata behewa moja moja. Mteja alikuja kuulizia kochi lake, nikamkalisha humo humo, halina hata sponji, asubiri nimalize sura. Alisubiri. Nani angethubutu kuondoka?

Sikukimbilia 112. Mpelelezi mzuri hafiki kabla ya ushahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika.

Daktari anasema: chukua kisa chako unachokipenda kuliko vyote. Kitazame kama picha. Unajiona humo? Kama unajiona, jiulize ni nani aliyesimama pembeni akikutazama.

Kisa changu kinajulikana na kila mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, duka la baba la ushonaji likashika moto, nikaingia, nikatoka na cherehani begani. Watu mia mbili walishuhudia. (Zamani nilikuwa nasema hamsini.)

Nikafumba macho, gundi mkononi. Cherehani inatoka mlangoni. Moshi. Uso wa aliyeibeba ni wangu. Ila nauona kwa mbele. Nauona kutoka ng'ambo ya barabara, nyuma ya pipa la maji.

Nyuma ya pipa alikuwa nani?

Gundi imenikaukia vidoleni.

Ijumaa, 7 Machi

Sijashona kitu.

Dada, mama yake huyu mpwa, ana kovu toka begani hadi kwenye kiwiko. Siku zote husema aliungua akinikimbilia anizuie nisiingie. Mimi sina hata alama ya kiberiti. Nikiulizwa, najibu ngozi yangu haishiki moto. Na watu wanakubali! Dada hajawahi kunibishia. Miaka thelathini na tisa, nikianza tu kusimulia, ananyanyuka kwenda kuangalia sufuria.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa barabara kuu.

Nikikitoa kisa hiki, nabaki fundi makochi basi. Nikikibakiza, kovu la dada linabaki la mtu aliyemfuata shujaa.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Walikuwa kumi na wanne. Nimewahesabu kweli, sikuongeza.

Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu, mtu wa miwani miwili. Alinipokea kwa kejeli: haya fundi, leo kauawa nani? Wakacheka. Nikakisimamisha kitabu mezani, nikakiachia. 112. Nikawasomea swali, nikawaambia wafumbe macho. Mwalimu alikuwa wa mwisho kuyafumbua. Kafuta miwani yote miwili, kisha akaniomba kitabu kama mwanafunzi. Mimi, wa darasa la sita!

Mpwa akanifuata koridoni. Mjomba, na wewe uliona nini?

Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu kabisa. Nikaumeza. Nikamwambia kesho nakuja kwenu kula, nitasema mbele ya mama yako.

Jumapili, 9 Machi

Naandika mezani kwa dada.

Nimesema. Nimesema kuliko mtu yeyote aliyewahi kukiri jambo. Sikutia chumvi hata punje. Kwamba aliyetoka na cherehani ni yeye. Kwamba mimi nilikuwa nyuma ya pipa, nikitetemeka, kisha nikakichukua kisa chake nikakivaa kama koti la kuazima, nisirudishe.

Mpwa alimtazama mama yake. Dada aliweka kijiko chini. Nilidhani ataondoka kama kawaida yake. Hakuondoka.

Akauliza: ulikuwa nyuma ya pipa tangu lini?

Nikasema tangu mwanzo, dada. Moto ulipoanza tu.

Akanikazia macho. Akasema: na mimi nikaita jina lako mle ndani mpaka sauti ikakauka.

Sikuelewa. Nikasema, lakini cherehani...

Akasema cherehani ilikuwa karibu na mlango, niliibeba nikitoka, nisitoke mikono mitupu. Hukuwahi kuniuliza niliingia kufuata nini.

Mpwa kashika mdomo. Dada kainuka kuzima jiko, kasema nisitie neno, leo anasimulia yeye, toka mwanzo. Namsikia anafunga bomba. Nasubiri kusimuliwa. Mimi! Anarudi, anavuta kiti, anakiweka upande wangu wa meza.