Mizigo Imetangulia

Magomeni, Mtwara
Mwezi wa Juni

Kwa mdogo wangu Esta,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wajukuu, na baridi ya Mafinga isiwe imekuzidi. Najua mwezi huu huko hamwachani na moto. Goti lako linaendeleaje? Mimi namshukuru Mungu kwa kila asubuhi anayoniongezea. Miguu imevimba tena, na moyo, kwa maneno ya daktari, umechoka kuliko mwenye nao. Mwandiko umepinda, kwa hiyo soma polepole. Haya ningeweza kukueleza kwa simu, lakini ungelia, nami ningeshindwa kumaliza.

Nianze na mizigo ya kuhamia kwako, maana najua ulivyoihangaikia. Uliuza mtamba wako ili nikodi lori zima, nikakujibu kwamba vitu vitangulie nami nifuate kwa basi. Lori zima sikukodi. Jirani yangu Rukia, mama anayekaanga mihogo hapa mbele ya nyumba, alinicheka sana aliposikia bei niliyotajiwa mjini. Alisema mwalimu mzima, nimekaa Mtwara tangu nina nywele nyeusi, sijui kwamba malori yanayotuletea mbao kutoka kwetu Mafinga hurudi huko karibu matupu? Ukifika msimu wa korosho, alisema, hakuna dereva atakayekigeukia kitanda chako. Sasa hivi watakibembeleza. Akaenda mwenyewe kwenye yadi ya mbao, akarudi na dereva.

Dereva huyo ndiye aliyekukabidhi barua hii. Anaitwa Frank, Mngoni wa Songea. Aliposikia kwamba mimi ni Mhehe aliketi bila kukaribishwa, akatangaza kuwa leo amempata mtani wake na atamtoza mara mbili. Akakitazama chumba, akauliza imekuwaje Mhehe awe na vitabu vingi hivi na asiwe na mbwa hata mmoja, au wote nimeshawala? Nikamwambia babu zake walihama kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, na ng'ombe, na wake, na vyungu, bila kumlipa mtu nauli. Yeye amepata wapi uso wa kunidai mimi? Rukia alicheka hadi akashika ukuta. Bei ikashuka hapo hapo, na Frank akaapa kwamba siku ya msiba wangu atakuja kuidai iliyobaki kwa kulala ndani ya kaburi langu, kama desturi ya watani, mpaka alipwe. Nimefundisha historia maisha yangu yote, Esta. Babu zetu na babu zao walichinjana, nasi wajukuu, kwa sababu ya damu ile ile, tunapunguziana bei ya lori. Sikuwahi kuiona historia ikiketi juu ya mkeka wangu namna ile.

Kufungasha nako kulinishangaza. Hatukununua hata boksi. Rukia na wenzake walileta magunia yaliyobaki ya korosho, wakaviringisha sahani ndani ya kanga za marehemu mke wangu Yustina, kanga wakazitia kwenye masufuria, masufuria kwenye pipa la maji. Meza waliifungua miguu, wakaifunga pamoja na mipini ya majembe. Mimi nilikalishwa kwenye kiti, nikaambiwa kazi yangu ni kunyamaza. Walipomaliza, maisha yangu yote yalikuwa yameenea kwenye pembe moja ya lori, na Frank akajaza nazi zake kwingine kote. Nilitazama pembe ile kwa muda mrefu. Sijui kama nimeishi na vichache, au wale akina mama wanajua mno kufunga.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kabla hata Rukia hajamtafuta dereva, nilikuwa nimekwenda Mahurunga kuliaga kaburi la mke wangu. Ulimjua Yustina, lakini kwao hukufika. Amezikwa katika shamba la Bi Fatuma, mtoto wa mama yake mdogo. Yustina alisoma kwa masista akabatizwa, Fatuma akabaki na Uislamu wake, na sikuwahi kuwasikia wakigombana ila juu ya chumvi ya mboga. Kwa ajili ya miguu hii nilikuwa sijafika huko miaka mingi, na njiani nilijitayarisha kuona kichaka.

Nilikuta pamefagiliwa. Kaburi limemwagiwa mchanga mweupe uliobebwa kutoka mto Ruvuma. Mikorosho waliyoipanda baada ya mazishi sasa ni mikubwa, imenyooka mistari hadi mteremko wa bondeni, na ng'ambo ya mto unaiona Msumbiji. Lakini ubavuni mwa Yustina mstari umekatika. Pana nafasi ya mti mmoja, tupu, haina hata shina la muhogo, ingawa muhogo umejaa kote katikati ya mistari. Nikampa Bi Fatuma pole kwa mti uliokufa.

Akasema haukufa, haukupandwa. Mkorosho una mizizi mipana, ungenibana nitakapolazwa hapo. Nilipomwuliza jambo hilo liliamuliwa lini, akasema walipokuwa wakipima mistari, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Mimi nilipewa nyumba ya serikali nikabaki mjini. Kwa hiyo, alisema huku akinikung'uta mchanga magotini, shemeji hujamaliza kuhama, umechelewa tu.

Misimu yote hiyo watu wale wamepoteza korosho za mti mzima kwa ajili yangu, nami nilikuwa mjini nikijihesabu mgeni.

Esta, sitafuata kwa basi. Nilikwisha kuamua siku uliponipigia kwa furaha kuniambia chumba changu kimepigwa lipu, na fundi anaweka dirisha linalotazama makaburi ya baba na mama. Nilinyamaza nikakuacha umlipe fundi. Nilimwahidi mama kwamba nitalala karibu naye, na wewe ulikuwapo ukisikia. Naivunja ahadi hiyo kwa akili timamu, wala sina cha kujitetea. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo unikasirikie nikiwa bado nasikia.

Vitu vyote ni vyako. Fedha zilizobaki anazo Frank. Usizitunze kwa ajili ya kusafirisha maiti, kwa maana haitasafiri. Mwachie jirani atakayekaa na wajukuu ukija huku. Frank akishapakia mbao anarudi huku, na kiti cha mbele ni chako. Nauli amekataa.

Wajukuu wabusu kwa niaba yangu, na wazee wa kanisani uwape salamu. Rukia anakusalimu. Bi Fatuma naye anakusalimu, na anauliza kama unakula samaki wakavu. Njoo upesi, mdogo wangu. Nataka nikuonyeshe mahali pangu mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama.

Kaka yako akupendaye,

Tumaini Kihwele