Simu ya Zablon kwenye chaji yangu

Rozalia uko wapi, shika simu. Jumuiya imeisha sasa hivi hapa kwangu na hasira bado haijanitoka.

Tumesali vizuri. Mjukuu wangu Hana akapakua wali. Tunakula, Zablon akaanza kwamba kasikia redioni eti unakuja umeme wa nyuklia. "Nyuklia ni bomu! Ni mionzi! Bora giza!" Bora giza, anasema, na simu yake iko kwenye chaji ukutani kwangu.

Halafu Pudensiana, unavyomjua, akauliza: "Si ndiyo hiyo mionzi aliyopigwa Hana kule Mwanza, kutibu kansa?"

Zablon akaweka sahani chini. Ameshakula nusu! Akanigeukia: "Mama Jeniffer, nyie mngetuambia mapema." Mngetuambia mapema!!!

Nikawaambia daktari alisema mionzi ile haibaki mwilini, wala haiambukizi. Nani asikie? Wanasogeza viti. Na huyo Zablon alipovunjika mguu si alipigwa eksirei? Mbona hakulipuka? Wajinga wakubwa, na rozari shingoni.

Hana akakusanya sahani zao, wali aliowapakulia umebaki nusu. Hilo ndilo limeniuma, Rozalia.

Sasa Zablon kwa kukimbia kwake kasahau simu. Yuko nje barabarani anaita, hataki kuingia, anataka nimpelekee.

Nimempa Hana ampelekee. Aipokee mkononi mwa Hana, au akae na giza lake.