Masikio ya Mama

Issenye, 3 Juni 2025

Kaka Elia,

Shikamoo. Amang'ana, habari za huko Mwanza? Sisi huku wazima, ila mama mdogo Gati mgongo unamsumbua tangu palizi.

Flashi nimempa kondakta wa basi, kaipokee stendi. Ndani mna ile video ya ubatizo wangu, nimeitoa kwenye kompyuta ya marehemu baba. Unajua mama hana video nyingine wala picha. Alipofariki nilikuwa na mwaka mmoja, na kwenye video yenyewe uso wake ni ukungu mtupu. Sendofu yangu ya harusi ni tarehe 28. Nataka nimwone mama siku hiyo, kwenye projekta, ukumbi mzima umwone. Tafuta programu ya kuisafisha. Fanya haraka kaka.

Mdogo wako,
Felista

Mwanza, 12 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, joto tu. Mpe pole mama mdogo.

Nimehangaika na programu tatu. Ya kwanza ni ya bure, inakuza tu: ukungu mdogo ukawa ukungu mkubwa. Ya pili iliganda kila ikifika nusu, laptopu ikachemka mpaka nikaiwekea feni. Ya tatu inatumia akili mnemba, inasafisha sura yenyewe. Utalia, nakwambia. Faili lilikuwa zito mno, nikalibana kwa programu nyingine ili bando lako lisiishe njiani.

Kompyuta ya baba imejaa. Ukishaipakua hii, futa ile ya zamani. Haina kazi tena.

Kaka yako,
Elia

Issenye, 15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama mimi ni mzima.

Nimemwona mama. Mzuri jamani! Mimi nimo mikononi mwake, napunga mkono. Nilimtazama mpaka umeme ukakatika, na ile ya zamani nikaifuta kama ulivyosema.

Jana nikamwita mama mdogo. Akasogeza kiti, akatazama, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikacheka. Akasema, "Dada yangu alitogwa masikio, yakavutwa mpaka yakaning'inia, kama haya yangu. Huyu ana masikio ya mwanamke wa kwenye kalenda. Mmemtoa wapi?"

Kaka, wewe ulikuwa na miaka kumi, unamjua mama. Niambie mama mdogo amekosea.

Felista

Issenye, 18 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Simu hupokei, barua pepe hujibu. Mseti ananiuliza kama nimeghairi kuolewa naye, maana kila akinisemesha nalia. Nijibu hata kwa neno moja.

Mdogo wako

Mwanza, 19 Juni 2025

Felista,

Marahaba, na unisamehe. Mama mdogo hajakosea.

Nilikuwa naangalia macho na mdomo vilivyong'aa, nikajisifu. Masikio ya mama yangu mzazi sikuyatazama. Programu iliona nyama inaning'inia ikadhani picha imeharibika, ikaweka masikio inayoyajua yenyewe. Na mimi kopi yangu nimefuta, flashi nayo nimeijaza kazi za ofisini. Simu niliiogopa.

Usihifadhi kitu chochote kipya kwenye hiyo kompyuta. Fungua lile pipa la taka pale kwenye skrini. Kama video haimo, zima kabisa, usiiguse, nakuja na fundi.

Kaka yako,
Elia

Issenye, 20 Juni 2025

Kaka Elia,

Shikamoo. Ilikuwemo. Kipanya kilinishinda, mama mdogo akanishikia kiwiko. Nimeiweka kwenye flashi mbili, moja ameifunga yeye kwenye pindo la kanga na hataki kuniachia.

Tumezitazama video zote mbili. Kwenye ile yako nainua mkono, kidole nimekikunja, hakuna nilichoshika. Ndiyo maana nilidhani napunga. Kwenye ile ya zamani, pamoja na ukungu wake wote, kidole changu kimepita kwenye tundu la sikio la mama. Nalivuta kweli kweli, naye anacheka, ameinamisha kichwa kunifuata.

Tarehe 28 tunaonyesha hii. Ukumbi ukiguna kwamba haionekani vizuri, waache wagune. Njoo mapema ufunge projekta.

Uso wake bado siujui, kaka. Lakini nilimshika.

Mdogo wako,
Felista